Viazi vinauzwa kwa simu, kwa nini daktari wa simu anakataliwa?

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam ananunua magunia ya viazi vya Uporoto bila kukanyaga shambani. Anapiga simu, anataja idadi, anatuma fedha, na siku chache baadaye lori linashusha mzigo sokoni, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Hajaviona viazi hivyo wala hajavishika. Lakini mkulima huyohuyo aliyeviuza kwa simu, akiambiwa azungumze na daktari kwa simu kuhusu kifua kinachomsumbua tangu mwezi uliopita, anatikisa kichwa. "Daktari gani huyo asiyenishika?"

Nimelisikia swali hilo Mwanjelwa, nimelisikia Tukuyu, nimelisikia Njombe kwenye benchi la kusubiri kliniki. Siku hizi linaulizwa zaidi, kwa sababu neno tibamtandao linatajwa kwenye taarifa za habari, na wakati huohuo simu zetu zimejaa matangazo ya watu wanaojiita madaktari, wanaodai kutibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa chupa moja. Watu wameviweka vyote kapu moja. Wapo wanaolikataa kapu zima, na wapo wanaolipokea zima. Tulifungue tuone kilichomo.

Tibamtandao ni huduma ya afya inayotolewa wakati mgonjwa yuko mahali pake na mtaalamu yuko kwingine, na kinachowaunganisha ni simu au kompyuta. Basi. Si lazima iwe video, wala si lazima uwe na simu janja. Mwenye kitochi akipiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, akauliza kuhusu dalili za mwanawe, amepata huduma ya afya kwa mbali. Mjamzito aliyeandika neno MTOTO na kulituma kwenda 15001 wakati huduma ya Wazazi Nipendeni ilipoanza mwaka 2012, akawa anapokea ujumbe wa kumkumbusha kliniki, alikuwa ndani ya jambo hilihili kabla jina lake halijawa maarufu.

Iko pia aina ambayo mgonjwa haioni kabisa. Unapigwa picha katika hospitali moja, bingwa wa kuisoma yuko hospitali nyingine, picha inasafiri kwa mtandao, majibu yanarudi, na wewe unaitwa dirishani kuyachukua. Anayeapa kwamba hatatibiwa kwa mtandao huenda ameshatibiwa nao bila kujua. Watu hawasiti hapo. Wanasita pale mgonjwa na daktari wanapobaki wawili, katikati yao kukiwa na simu tu.

Na mpaka tuuweke mapema. Anayekutafuta wewe kwanza, asiyeuliza historia yako, anayetaka fedha kabla hajasema anafanya kazi wapi, na ambaye kila ugonjwa una chupa yake, huyo anauza bidhaa. Mtandao ni barabara tu. Barabara kuu ya Tunduma inapitisha gari la wagonjwa na inapitisha lori la magendo, na hatujawahi kulikataa gari la wagonjwa kwa sababu vyote viwili vimepita Uyole.

Maswali ambayo kila mgonjwa anajiuliza kimoyomoyo

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alitaka kujua kwa nini wafanyakazi wanazikubali au kuzikataa programu za kompyuta wanazoletewa. Aliona mambo mawili yana nguvu: mtu anapima kama kitu kitamsaidia, na anapima kama kukitumia kutamchosha. Mwaka 2003 yeye na wenzake, wakiongozwa na Viswanath Venkatesh, waliongeza mengine mawili: watu ninaowaheshimu wanasemaje, na je, vifaa na msaada vipo? Watafiti wa afya wameyachukua maswali hayo wakayapeleka kwa wagonjwa, na wengi wao huongeza la tano, la imani: huyu aliye upande wa pili, namwamini?

Kama hayo yanasikika ya kigeni, kumbuka mashine ya kusaga ilipofika kijijini kwenu. Inatoa unga laini kuliko kinu? Iko karibu, au foleni yake inakula siku nzima? Mama mkwe anasemaje kuhusu ugali wake? Dizeli ipo? Na yule mwendeshaji, hapunguzi debe? Ni maswali yaleyale matano. Hakuna mama aliyeikataa mashine kwa sababu ni mshamba, wala aliyeikubali kwa sababu ni msomi. Kila mmoja alipima.

Ndiyo maana inanikera kusikia kwamba wagonjwa wa vijijini "hawana mwamko". Mzee anayetoka Makete kwenda hospitali ya rufaa Mbeya, akibadilisha magari na kulala kwa ndugu ili aonwe dakika kumi, ana mwamko kuliko wengi wetu. Anachosubiri ni majibu ya maswali yake.

"Wamekukuta na nini?"

Kwetu, kutibiwa ni kupimwa. Ukirudi kutoka hospitali, nyumbani hawaulizi daktari amesemaje. Wanauliza, "Wamekukuta na nini?" Jibu linalotuliza watu ni malaria, taifodi au UTI, likiwa na karatasi ya maabara. Aliyerudi bila kutobolewa kidole anaonekana hajahudumiwa, na aliyerudi na ushauri bila dawa anaonekana kapoteza nauli. Sindano ina heshima kuliko kidonge, na dripu ina heshima kuliko vyote.

Sasa mwambie mtu mwenye mazoea hayo akae na simu sikioni robo saa. Anaulizwa maumivu yalianza lini, yanapanda au yanashuka, usiku anaamka mara ngapi, baba yake alifariki kwa maradhi gani. Anajiona anapigishwa stori.

Lakini maswali hayo ndiyo kipimo cha kwanza cha udaktari wote, hata ule wa kukaa meza moja. Mwaka 1975 nchini Uingereza, madaktari waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje ili kuona utambuzi wa ugonjwa unatoka wapi hasa. Kwa wagonjwa 66, kile daktari alichokifikiria baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa ndicho kilichothibitika mwishoni. Kumshika mgonjwa kulibadilisha jibu kwa wagonjwa saba, na vipimo vya maabara kwa saba wengine.

Hesabu hiyo isitupumbaze. Wale walikuwa wagonjwa wa Uingereza wenye maradhi ya kule. Homa ya mtu wa Kyela haiamuliwi kwa mazungumzo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kwa hiyo daktari makini wa simu akisikia homa atakwambia: nenda zahanati ya karibu, pima, kisha unirudie na majibu. Wengi wakiambiwa hivyo wanakata simu wakisema, "Kumbe hajui kitu." Ni kinyume chake. Anayekuandikia dawa ya malaria, ya taifodi na ya UTI kwa mpigo kwa sababu umesema mwili unauma ndiye wa kuogopwa, na madhara yake hayaishii kwako. Dawa za kuua bakteria zikitumika ovyo, vijidudu vinazizoea, na siku mwanao atakapozihitaji kweli hazitamsaidia.

Upo upande mwingine wa kipimo hiki ambao hausemwi sana. Tatizo la ngozi linalopigwa picha kwenye mwanga mzuri, presha ambayo mgonjwa anaipima mwenyewe na kuiandika, kisukari kinachofuatiliwa, msongo wa mawazo unaohitaji mtu wa kusikiliza, majibu ya vipimo yanayohitaji kuelezwa: haya yote simu inayamudu vizuri. Mgonjwa wa presha wa Ludewa haendi kuonwa kila mara kwa sababu ana jambo jipya. Anakwenda ili mtu aitazame namba na kusema endelea na dawa hiyohiyo.

Bibi, mjukuu na simu ya nyumba

Bibi mmoja wa ukoo wetu, Rungwe, alitafutiwa daktari wa kuzungumza naye kwa simu. Mjukuu wa kidato cha pili ndiye aliyeshika simu, akiweka sauti ya nje, kwa sababu bibi Kiswahili anakisikia lakini kukizungumza kwa kirefu hakipendi. Daktari akauliza vizuri tu kuhusu haja ndogo. Mjukuu akatafsiri huku akiangalia chini. Bibi akajibu hana shida yoyote, ni uchovu wa shamba. Simu ikakatwa. Wiki mbili baadaye, mbele ya muuguzi wa kike wa makamo, kwa Kinyakyusa, alieleza kwamba mkojo unamtoka bila taarifa tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Hapo teknolojia haikuwa na kosa. Mtandao ulishika, salio lilikuwepo, daktari alijua kazi yake. Kilichokosekana ni faragha. Tunazungumzia simu kana kwamba kila mtu ana yake na chumba chake cha kuzungumzia. Nyumba nyingi zina simu moja ya maana, mara nyingi ni ya baba, na sehemu yenye mtandao ni pale juu penye mwembe au jiwe ambapo kila mpita njia anasikia. Mkamwana aliyelelewa kwa mila za Kinyakyusa anamkwepa baba mkwe hata njiani. Utamtakaje aeleze hedhi yake kwa simu ya baba mkwe, uani?

Lugha nayo si maneno pekee. Mwili "unawaka", moyo "unakwenda mbio", tumbo "linakata", kichwa "kinagonga": kila moja ya kauli hizi inamwambia kitu daktari aliyekulia huku, na inaweza kumpita aliyekulia mbali. Kisha salamu. Njombe na Iringa, mtu mzima ambaye hajaambiwa kamwene kwa utulivu na kuulizwa habari za nyumbani hafungui moyo wake. Daktari wa simu mwenye wagonjwa ishirini kwenye foleni anaanza na "Tatizo ni nini?" Kwake ni kuokoa muda. Kwa mzee wa Kilolo ni kukosa adabu, na asiye na adabu hapewi siri.

Vijana wako tofauti, na hapa nataka kupinga dhana moja. Inasemwa kwamba vijana wanapenda tibamtandao kwa sababu wanaijua simu. Nadhani sababu kubwa zaidi ni kwamba wana mambo wasiyotaka kuonekana wakiyapeleka hospitali. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 ulionyesha Njombe ikiongoza kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi, Iringa ikifuata kwa 11.1. Nani katika mikoa hii hajui mtu anayeacha kliniki iliyo jirani na nyumbani na kupanda gari hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, ili tu asionwe kwenye foleni ile? Kwa mtu huyo, simu kutoonyesha sura yake kwa majirani ndiyo faida yenyewe. Faragha ileile iliyomfunga bibi mdomo inamvuta mjukuu.

Namwamini nani?

Sote tumepokea ule ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tumepigiwa na watu wanaodai ni ndugu waliopata ajali. Tumesajili laini kwa alama za vidole na bado matapeli wapo. Mtu aliyewahi kulizwa kwa simu ana haki ya kumshuku anayejitambulisha kuwa daktari, na kumwita mwoga ni kumkosea.

Hofu hii ina dawa za kawaida. Daktari halali nchini anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na orodha ya waliosajiliwa inaweza kuangaliwa. Muulize jina kamili, namba ya usajili na kituo anachofanyia kazi. Halafu kata, na upige kituo chenyewe kwa namba unayoipata kwingine, si aliyokupa yeye. Daktari wa kweli hakasirikii hilo. Huduma ya hospitali ya umma inalipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, haiendi kwenye laini ya mtu binafsi.

Kuhusu taarifa zako, wengi wanaamini kwamba ukishaeleza ugonjwa wako kwa simu hakuna sheria inayokulinda. Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazoziita nyeti. Sheria haizuii mdomo wa mtu usiku, ni kweli, lakini inakupa mahali pa kulalamika.

Hata hivyo sheria na orodha havijawahi peke yake kumfanya mtu aamini. Rudi mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania. Wazee waliuliza, fedha inaingiaje kwenye simu, na ikipotea nimdai nani? Si matangazo ya redioni yaliyowatuliza. Alikuwa yule wakala wa kibandani, kijana anayejulikana kwao na kanisa analosali. Ukituma ikagoma, unarudi kwake. Imani ilianzia kwa mtu, ndipo ikahamia kwenye simu.

Na yule mnunuzi wa viazi? Simu yake haijawahi kumthibitishia ubora wa kiazi. Ana dalali Uporoto, anayejua shamba lipi limepigwa na baridi na gunia lipi limejazwa udongo. Dalali akimdanganya leo, msimu ujao hapigiwi simu. Mkulima anayemkataa daktari wa simu hapingani na nafsi yake hata kidogo. Biashara ina dalali. Tiba aliyoletewa haina.

Karibu zaidi na afya, tazama maduka ya dawa muhimu. Mpango huo ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, muuzaji akipewa mafunzo na duka likisajiliwa. Leo mtu akiumwa kichwa usiku, mguu wake unajua njia ya kwenda dukani kabla ya zahanati. Haendi kwa sababu ya cheti kilichobandikwa ukutani. Anakwenda kwa sababu anayemhudumia anamjua mtoto wake kwa jina.

Gharama nitaigusa kidogo, kwa sababu inazungumzwa sana. Watu husema bando ni ghali, na ni kweli kwa asiye na kipato. Lakini weka kando yake nauli ya mgonjwa kwenda na kurudi, nauli ya msindikizaji, chakula, pa kulala, na siku mbili za palizi zilizopotea, masika, barabara ya Busokelo ikiwa tope. Bando linaonekana ghali kwa sababu unalilipa kabla hujajua kama litakufaa, ilhali nauli unailipa ukijua mwisho wake kuna mtu atakayekutazama machoni.

Yapo pia mambo ambayo simu haipaswi kuyagusa. Maumivu makali ya kifua, mtoto anayedegedeka, mtu aliyepooza upande ghafla, tumbo gumu kama ubao, jeraha linalovuja damu: hapo unatafuta gari, hutafuti mtandao. Mjamzito anayetoka damu au mwenye degedege, piga 115, namba ya bure ya m-mama, inayotafuta usafiri wa dharura wa kumfikisha hospitali. Hapa simu inafanya kazi kubwa kuliko zote, nayo ni ya kuita gari.

Kuna zahanati moja milimani ambako nilikaa asubuhi nzima. Muuguzi alimpima presha mzee mmoja, akaandika namba, akampigia daktari wa hospitali ya wilaya, akaweka sauti ya nje na kufunga mlango. Kwanza akamwamkia mzee kwa lugha yao. Akamwambia, huyu ni daktari ninayefanya naye kazi, namfahamu. Daktari akauliza, muuguzi akatafsiri, akamgusa mzee miguu kuangalia kama imevimba, akasema alichokiona. Dawa moja ikabadilishwa. Mzee, ambaye mwanzoni alikuwa amekunja uso, alitoka akiuliza siku ya kuja kuzungumza tena na "daktari wetu".

Nilimuuliza muuguzi simu ile ni ya nani. Akasema ni yake. Na bando? La kwake pia. Mwezi ukifika katikati bando huisha, na mpaka mshahara utoke, wagonjwa wa presha wa kijiji kile wanapanda gari kwenda wilayani.